Mao Zedong: Sauti iliyotikisa China ilipokwama kooni

Kama unaishi Komarock, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki si geni kwako. Umempeleka ndugu pale usiku, umepiga foleni ya kadi, au matatu yako hupita karibu kila asubuhi ukienda tao. Lakini je, unajua hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa serikali ya China?

Basi leo tumwangalie jamaa aliyeiasisi serikali hiyo mwaka wa 1949. Sura yake umeiona, hata kama historia hukuipenda shuleni. Iko kwenye noti za yuan, kwenye fulana za mitumba na kwenye picha kubwa inayotazama uwanja wa Tiananmen jijini Beijing. Jina lake ni Mao Zedong.

Vita vyake na siasa zake zimeandikiwa vitabu vingi. Kisichosimuliwa sana ni namna alivyomaliza safari. Mtu ambaye neno lake moja lilihamisha mamilioni ya watu alifariki akiwa hawezi kutamka neno wala kumeza kijiko cha supu. Stori yake ina funzo kwako, hasa kama kuna mtu nyumbani ambaye siku hizi ulimi unamwia mzito na chai inampalia.

LAFUDHI YA KIJIJINI

Mao alizaliwa Desemba 26, 1893, katika kijiji cha Shaoshan, mkoa wa Hunan, kusini mwa China. Baba yake alikuwa mkulima aliyejikwamua kutoka kwa umaskini, mkali, mwenye kupenda hesabu za mpunga na pesa. Mama yake alikuwa mpole, mcha dini ya Kibuda. Kijana akawa msomaji wa vitabu kupindukia, na yeye na baba yake hawakuwa wanapikika chungu kimoja.

Alienda shule mjini Changsha akasomea ualimu. Mwaka wa 1918 akafika Beijing na kupata kazi ya usaidizi katika maktaba ya chuo kikuu. Hebu mfikirie pale: kijana wa mashambani, mshahara mdogo, kazi yake ni kuandika majina ya wasomi wanaokuja kusoma magazeti. Alijaribu kuzungumza nao siasa. Wengi hawakuwa na muda wa kumsikiliza msaidizi wa maktaba anayeongea kwa lafudhi ya kusini. Yeye mwenyewe alisimulia jambo hilo miaka mingi baadaye, ishara kwamba lilimuuma.

Lafudhi hiyo ya Hunan hakuiacha hata siku moja. Weka hilo akilini, maana litarudi.

SAUTI YAPATA JUKWAA

Mwaka wa 1921 alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokutana Shanghai kuanzisha Chama cha Kikomunisti cha China. Mwaka wa 1934, jeshi la chama hicho likiwa limezingirwa, lilianza matembezi marefu kuelekea kaskazini. Takriban watu 86,000 walianza safari. Waliofika mwaka uliofuata walikuwa elfu chache tu. Njiani humo ndimo Mao alipopanda hadi kileleni mwa chama.

Oktoba 1, 1949, alisimama juu ya lango la Tiananmen akatangaza kuzaliwa kwa Jamhuri ya Watu wa China. Ile lafudhi iliyodharauliwa maktabani sasa ilisikika redioni nchi nzima.

Tusimpake mafuta. Sauti hiyohiyo iliamuru mambo yaliyoleta maafa. Mpango wake wa kuruka hatua za maendeleo kuanzia 1958 ulifuatwa na njaa ambayo wanahistoria wanakadiria iliua makumi ya mamilioni ya watu. Mwaka wa 1966 alianzisha Mapinduzi ya Kitamaduni. Walimu walitukanwa na kupigwa hadharani na wanafunzi wao, shule zikafungwa na familia zikasambaratika.

Kwetu Afrika Mashariki alijulikana kwa upande mwingine. Wakati mataifa ya Magharibi yalikataa kugharamia reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia, China ilikubali. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mwalimu Julius Nyerere alifika Beijing mara kadhaa, na mwezi Machi 1974 alikutana na Mao ana kwa ana.

Nyerere aliporudi nyumbani, miezi minne haikupita kabla madaktari wa mwenyeji wake kugundua jambo ambalo raia wa China hawakuambiwa.

ULIMI UNAPOKUWA MZITO

Afya ya Mao ilikuwa imeyumba tangu mapema. Alikuwa mvutaji sigara sugu, na mwanzoni mwa 1972 moyo na mapafu vilimsumbua kiasi kwamba Rais Richard Nixon wa Marekani alipomtembelea Februari mwaka huo, alimkuta akiongea kwa shida.

Kufikia 1974 kukawa na dalili mpya. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Maneno yakawa hayaeleweki, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Macho nayo yaliingia mtoto wa jicho, kwa hivyo kusoma, starehe yake kubwa, kukawa kazi. Julai 1974 madaktari bingwa wa neva walimpima wakafikia jibu: ugonjwa wa niuroni za mwendo, ule unaofahamika pia kwa herufi ALS. Ndio uliompata mwanasayansi Stephen Hawking.

Ni ugonjwa gani huo? Ubongo wako hutuma amri kwa misuli kupitia neva maalumu. Neva hizo zikianza kufa moja baada ya nyingine, misuli inabaki bila amri. Inalegea, inakonda, inakauka. Akili ya wagonjwa wengi hubaki timamu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka wa 1869, na hadi leo haujapata tiba ya kuuponya.

Kwa wengine huanzia mkononi au mguuni. Kwa wengine huanzia mdomoni na kooni, na hapo ndipo panapotisha. Kumeza, jambo unalofanya mara mamia kwa siku bila kufikiria, ni kazi ya makumi ya misuli kwa pamoja. Ulimi unasukuma chakula nyuma, koromeo linapanda juu, kifuniko kinaziba njia ya hewa, chakula kinapita. Yote hayo kwa sekunde moja au mbili. Misuli ikichelewa kidogo tu, chakula au mate huingia mapafuni. Ukikohoa kwa nguvu unajiokoa. Lakini mgonjwa huyu hata nguvu ya kukohoa imepungua, na matokeo yake ni nimonia inayorudi kila mara.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Mao. Daktari wake binafsi, Li Zhisui, aliandika baadaye kwamba madaktari waliwaarifu viongozi wa chama kuwa mkubwa wao huenda asimalize zaidi ya miaka miwili. Hawakukosea sana.

BINTI WA TRENI

Sasa, nchi ya watu zaidi ya milioni 900 inaongozwaje na mtu asiyeeleweka anachosema?

Jibu lilikuwa mwanamke mmoja, Zhang Yufeng. Awali alikuwa mhudumu katika treni maalumu ya Mao. Akahamia makao yake, akawa mhudumu wa nyumbani, kisha katibu wake. Kwa sababu alikaa naye mchana na usiku, alijifunza kuisoma midomo yake na kuitambua ile lafudhi ya Hunan hata ilipobaki mnong'ono. Ndiye aliyemlisha. Ndiye aliyemsomea nyaraka. Tiba ya usemi bado haikuwa imeota mizizi China enzi hizo, kwa hivyo kazi ya mtaalamu ilimwangukia yeye bila mafunzo.

Wageni wa kigeni walipofika, mazungumzo yalikuwa kama kupokezana kijiti. Mao anaguna. Wasaidizi wanakisia, wanarudia kwa Kichina ili athibitishe. Akitikisa kichwa wanajaribu tena, au anachukua penseli na kuandika herufi kwa mkono unaotetemeka. Wakishaelewana, mkalimani Tang Wensheng, aliyezaliwa New York, anatafsiri kwa Kiingereza. Rais Gerald Ford wa Marekani alipitia hayo Desemba 1975.

Ukitazama vizuri, hiyo ni mbinu halali kabisa. Rudia ulichoelewa, mpe mgonjwa nafasi ya kukubali au kukataa, mpe kalamu maneno yakigoma. Wataalamu wa leo hufundisha familia mambo hayohayo.

Lakini kuna hatari ndani yake. Anayekuongelea ana mamlaka juu yako. Miaka ile ya mwisho, hata wakubwa wa chama walilazimika kupitia kwa watu wachache waliokuwa karibu na kitanda: Zhang, na mpwa wake Mao aitwaye Mao Yuanxin, aliyekuwa akipeleka maagizo kwa viongozi. Nani angejua kama agizo lilikuwa la mgonjwa au la mjumbe?

VIKARATASI VYA APRILI

Jioni ya Aprili 30, 1976, baada ya mgeni kutoka New Zealand kuondoka, Waziri Mkuu Hua Guofeng alibaki na Mao kumweleza hali ya nchi. Mao alijaribu kujibu, Hua hakumwelewa. Basi Mao akaandika sentensi fupi fupi kwenye karatasi. Moja ilimwambia asiwe na haraka. Nyingine ilimtaka afuate sera zilizopita. Ya tatu ilimwambia kwamba kazi ikiwa mikononi mwake, yeye Mao ametulia moyoni.

Vikaratasi hivyo ndivyo vilivyokuwa silaha ya Hua baada ya kifo cha mzee. Mjane wa Mao, Jiang Qing, na wenzake watatu walishika maneno mengine yaliyofanana na ile sentensi ya pili, wakidai ndiyo wosia. Sentensi ina herufi sita za Kichina. Hua alisema tatu kati yake si sahihi. Oktoba 6, 1976, Jiang Qing na wenzake walikamatwa.

Ugomvi wa madaraka ulikuwepo kitambo, hatuwezi kusingizia koo peke yake. Ila fikiria: sehemu ya mustakabali wa taifa kubwa kuliko yote duniani kwa idadi ya watu iling'ang'aniwa juu ya herufi tatu, kwa sababu mwenye maneno hakuweza tena kuyasema wazi mbele ya mashahidi.

MADAKTARI 16, WAUGUZI 24

Mei 27, 1976, Mao alimpokea Waziri Mkuu wa Pakistan, Zulfikar Ali Bhutto. Alikuwa mgeni wake wa mwisho kutoka nje. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza hatapokea tena wageni.

Kufikia hapo moyo ulishampiga dafrau mara moja, na mwishoni mwa Juni ukampiga tena. Chakula kilipitishwa kwa mpira uliotiwa puani hadi tumboni. Kwa mujibu wa Li Zhisui, timu iliyomhudumia ilikuwa na madaktari 16 na wauguzi 24: wa moyo, wa neva, wa mapafu, wa masikio, pua na koo, wa usingizi, wote wakipokezana zamu saa 24. Juu yao walikuwepo viongozi wa chama waliosimamia zamu na kuuliza maswali.

Walikuwa wengi na walikuwa wajuzi, lakini wakati wao ulikuwa na mipaka. Mpira wa puani unakera, unaumiza koo, na mgonjwa huuchoka. Njia ya kupitisha mpira moja kwa moja kwenye ngozi ya tumbo bila upasuaji mkubwa ilifanyika kwa mara ya kwanza 1979 huko Cleveland, Marekani. Mao alikuwa kaburini miaka mitatu.

Katika siku zake za mwisho, waliomuuguza walisimulia kwamba alitaka kitu na hakuna aliyeelewa. Aliandika mstari au miwili kwa penseli, mkono ukakataa. Kisha akagonga ukingo wa mbao wa kitanda mara tatu. Watu wakatazamana. Mmoja akawaza: tatu, na mbao. Kwa herufi za Kichina, tatu na mbao ndilo jina la Miki, waziri mkuu wa Japan wakati huo, Takeo Miki, ambaye kiti chake kilikuwa kinatikisika. Wakamuuliza kama anataka habari za Miki. Akakubali. Wakamletea taarifa asomewe.

Mwili ulikuwa umekwisha, lakini ndani yake palikuwa na mtu anayefuatilia siasa za Japan.

Alifariki Septemba 9, 1976, dakika kumi baada ya saa sita usiku, akiwa na miaka 82. Miezi miwili nyuma, Julai 14, TAZARA ilikuwa imekabidhiwa rasmi Tanzania na Zambia.

SASA NJOO KWENU NYUMBANI

Wewe huna madaktari 16. Pengine mnaishi watu sita kwa nyumba ya vyumba viwili Komarock Phase 2, na mgonjwa analala sebuleni. Lakini kuna mambo unayoweza kupata leo ambayo mtu mwenye nguvu zaidi China hakuyapata.

Kwanza, jua dalili. Mtu anaanza kuongea kama amelewa na hajaonja kitu. Chai na maji vinampalia. Mlo wa dakika kumi unamchukua saa nzima. Mate yanamtoka. Nguo zinampwaya. Mtaani watasema ni pombe, wengine watasema ni mkono wa mtu. Wapuuze, mpeleke hospitali. Magonjwa mengine, kiharusi kikiwemo, huleta dalili kama hizo na baadhi yake yanatibika, kwa hivyo kupimwa ni lazima. Omba barua ya rufaa akaonwe na daktari bingwa wa neva.

Pili, usitafute daktari mmoja wa kumaliza kila kitu. Ugonjwa huu unataka timu inayozungumza. Mtaalamu wa usemi na kumeza anapima ni chakula gani kinapita salama. Mtaalamu wa lishe anafuatilia uzito. Mtaalamu wa viungo anasaidia kifua kutoa makohozi. Mwingine anaangalia mikono, kama bado inaweza kushika kijiko na simu. Daktari anapima pumzi. Kwa nini lazima waongee? Kwa sababu mpira wa tumboni ni salama zaidi ukiwekwa kabla pumzi haijadhoofika. Mtu wa lishe asipojua hali ya mapafu, muda unapita. Mtu wa usemi asipojua hali ya mikono, atampa mgonjwa ubao wa kuandikia ambao baada ya miezi mitatu hatauweza. Huko Ireland, watafiti waliona kwamba waliohudumiwa na kliniki za pamoja namna hii waliishi muda mrefu kuliko waliozunguka kwa daktari mmoja mmoja.

Kusema kweli, wataalamu wa usemi nchini ni wachache na safari ni ndefu. Ndiyo maana familia inabidi iwe gundi ya timu. Nunua daftari moja. Andika uzito wake kila wiki, alichokula, kilichompalia, alichosema kila mtaalamu. Daftari hilo liende naye kila kliniki.

Tatu, meza. Mkalishe wima, si kulala. Zima televisheni. Tonge dogo, subiri limalizike ndipo lingine. Githeri ina maganda na mchuzi kwa pamoja, inatatanisha koo. Maji matupu hukimbia haraka kuliko misuli iliyochoka, kwa hivyo vinywaji vizito kama uji mzito mara nyingi hupita vyema. Hata hivyo, koo la kila mtu ni tofauti. Mtaalamu ndiye atakayekuambia mgonjwa wako yuko wapi. Usimlazimishe kula akiwa amechoka.

Nne, na hili ni lako wewe kijana kwa sababu simu ni yako: rekodi sauti yake sasa, ingali inaeleweka. Arekodi majina ya wajukuu, salamu, maneno anayopenda, hata matusi yake ya upendo. Kuna programu za simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Zikigoma, chora herufi kwenye kadibodi, uzipitishe kidole moja moja akupepesee jicho kwenye anayoitaka. Kubalianeni mapema kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Tano, muulize mapema. Anataka mpira wa tumboni au hataki? Anataka mashine ya kumsaidia kupumua? Nani aamue akishindwa kueleza? Ni maswali mazito na hakuna anayeyapenda mezani. Lakini ukiyakwepa, siku itafika mtakaa kina mama, wajomba na ndugu mkigombania maana ya mguno mmoja, kila mtu akidai anajua mzee alitaka nini. Yaliyotokea Beijing mwaka wa 1976 yanaweza kutokea sebuleni kwenu, tofauti ni kwamba nyinyi mtagombania shamba na matanga.

Muulize leo jioni akiwa hajachoka, watu wawili au watatu wakiwepo. Uandike majibu kwa maneno yake, umsomee, na asipoyakubali, ufute uanze upya.